Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, wazee wetu shikamooni, na vijana mliofika leo kwa mara ya kwanza, karibuni.

Hii ni taarifa yangu ya tatu na ndiyo ya mwisho. Ya fedha sitayagusa. Mweka hazina atawasomea mwenyewe, naona amekuja na daftari lake. Mimi nitazungumzia ugomvi wetu, maana ndio uliokula mwaka.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaounga mkono chama cha Conservative, chama cha kihafidhina cha Uingereza, hapa Leicester hatujawahi kuwa na wazo moja. Wapo watu wa kanisani na msikitini, ambao siasa kwao ni ndoa, malezi na uhai. Wapo wenye maduka, teksi na nyumba za kulelea wazee, ambao siasa kwao ni kodi. Na wapo watu wa mipaka. Miaka yote tumeishi kama wapangaji wa nyumba moja ya Kiswahili: jiko moja, ua mmoja, kila mtu na chumba chake.

Kilichotutoa vyumbani ni viza. Tarehe 11 Machi serikali ya chama chetu wenyewe ilizuia wafanyakazi wapya wa kea, yaani wanaotunza wazee na wagonjwa, kuja na wake, waume au watoto wao. Mwezi mmoja baadaye, 11 Aprili, anayetaka kumleta mwenzi wake akatakiwa aonyeshe kipato cha paundi 29,000 kwa mwaka, badala ya 18,600. Waliokuwepo kwenye kikao kile wanakumbuka. Kijana mmoja ambaye mkewe yuko Likoni aliuliza: chama cha familia kinamtenganishaje mtu na mkewe? Mzee mmoja akamjibu kwamba yeye alipanga foleni kwa miaka, hakulia mbele za watu. Mama mwenye nyumba ya wazee akasema, haya, mkishamaliza kulaumiana mniambie nani atawageuza wagonjwa wangu usiku.

Nimewaza sana kikao kile. Mmoja alitetea familia, wa pili sheria, wa tatu kazi, na yote matatu yako katika mafundisho ya chama chetu. Hakuna aliyekuwa msaliti. Kazi ya mwenyekiti ilikuwa kusimama na kulisema hilo. Nilifunga kikao mapema nikasingizia ukumbi unadaiwa.

Kisha uchaguzi mkuu wa Julai. Chama kikabaki na wabunge 121, idadi ndogo kuliko zote katika historia yake. Hapa kwetu Leicester East, Shivani Raja akashinda, na hicho ndicho kiti pekee ambacho chama kilikitwaa kutoka kwa wengine nchi nzima. Tulicheza, na mimi nilicheza. Lakini tuambizane ukweli: waliokuwa wabunge wa Labour, wapinzani wetu wakubwa, wa jimbo hilo, Claudia Webbe na Keith Vaz, waligombea kila mmoja kivyake, kura za upande ule zikakatika vipande. Tulikula mchuzi wa ugomvi wa jirani. Kwingineko mchuzi uliliwa wa kwetu: Reform UK, chama kilicho kulia kwetu, walipata kura 14 katika kila 100, wakaambulia viti vitano tu, lakini njiani walitung'oa majimbo mengi ambayo walioshinda walikuwa watu wengine kabisa.

Kinyang'anyiro cha uongozi wa chama, ambacho Kemi Badenoch alikishinda mwishoni dhidi ya Robert Jenrick, sitakirefusha, isipokuwa siku mbili za Oktoba. Tarehe 8 James Cleverly aliongoza kwa kura 39 za wabunge. Kesho yake akapata 37, Badenoch 42, Jenrick 41, na Cleverly akawa nje. Waliokuwa wameshamtangaza mshindi kwenye kundi letu la WhatsApp (mnajijua) walimeza mate. Baada ya hapo kundi likagawanyika kati ya waliotaka nchi ijitoe kwenye Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kama Jenrick, na waliosema na Badenoch kwamba misingi kwanza, sera baadaye. Maneno yakawa makali, yakaingia na matusi ya kabila, ambayo sikuyategemea kutoka kwa watu wazima. Usiku wa saa nne nikawaondoa wanachama wanne. Sikumuuliza katibu wala mtu mwingine.

Asubuhi nilijiona nimetawala. Kufika jioni, wale wanne walikuwa na kundi lao, na watu wetu wengi wamo.

Ningekumbuka historia ya chama hiki nisingefanya vile. Novemba 1994 Waziri Mkuu wetu John Major aliwafukuza wabunge wanane kutoka kundi la chama bungeni, kwa sababu ya muswada wa fedha za Ulaya. Alikuwa ameshinda uchaguzi wa 1992 kwa wingi wa viti 21, na vifo na chaguzi ndogo zilikuwa zimeshaupunguza. Kwa kuwafukuza, alijikuta hana wingi tena. Aprili 1995 wakarudi, bila kuahidi chochote. Juni akajiuzulu uongozi wa chama ili wapinzani wajitokeze. Akamshinda mpinzani wake John Redwood kwa kura 218 dhidi ya 89, na ugomvi ukaendelea palepale mpaka chama kikaanguka 1997 na viti 165. Wale wanane walitoka wakiwa wabunge wa kawaida, wakarudi mashujaa.

Kuna mfano mwingine, nao unatuhusu damu kwa damu. Mama yetu mmoja aliyeketi pale mbele alitua Stansted mwaka 1972 na sanduku moja na Kiswahili cha Kampala. Idi Amin alikuwa amewapa Wahindi siku 90. Serikali ya Waziri Mkuu wetu Edward Heath ikasema hawa wana pasi zetu, ikapokea watu kama 28,000. Enoch Powell, mbunge wa chama hicho hicho aliyepinga uhamiaji, na mrengo wake walipinga. Jambo likapelekwa kwenye mkutano wa chama kule Blackpool, likabishaniwa mchana kweupe, kura zikapigwa, upande wa Powell ukashindwa. Sisemi kura ilimponya mtu. Februari 1974 Powell alijiondoa mwenyewe na kuwaambia watu wapigie Labour. Wala mji wetu usijisifu: halmashauri ya hapa ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia watu wale wasije Leicester. Lakini kila aliyeshindwa Blackpool alijua ameshindwa wapi, na kwa hesabu gani.

Na anayedhani atamjua mtu yuko kambi ipi kwa kuangalia alikotoka, atazame viongozi. Baba yake Rishi Sunak alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika. Wazazi wa Priti Patel, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, walitoka Uganda. Hizo kanuni za viza zilianza kazi Sunak akiwa Waziri Mkuu.

Tarehe 29 Novemba Bunge lilipiga kura juu ya muswada wa kuwasaidia wagonjwa mahututi kufa: 330 waliunga mkono, 275 walipinga. Chama hakikumlazimisha mtu. Badenoch alipinga, Sunak aliunga mkono. Nilitegemea vita. Kikao cha Desemba kikawa cha utulivu kuliko vyote, kwa sababu hakuna aliyeogopa kwamba jumuiya itasema kwa jina lake neno asiloliamini.

Kwa hiyo kamati inawaletea hoja mbili. Mwenyekiti asiwe tena na uwezo wa kumwondoa mtu. Aamue kamati yenye akidi, baada ya kumsikiliza mhusika. Na katika suala la viza, jumuiya imwandikie mbunge barua mbili, ya walio wengi na ya walio wachache, zote kwa muhuri wetu. Katibu anaona barua mbili zitatufanya tuonekane hatujielewi. Atapewa nafasi ya kusema hivyo, kisha tutahesabu mikono.

Wale wanne nimewaomba radhi mmoja mmoja. Watatu wamo ukumbini leo. Wa nne amejiunga na Reform; ada yake ya mwaka alikuwa ameshalipa, nimemwomba mweka hazina amrudishie.

Fomu za kugombea uenyekiti ziko kwa katibu. Mimi sikuchukua. Chai na mandazi viko nyuma ya ukumbi, na vitafunguliwa baada ya kura, si kabla.