Mkoba wa utetezi wa kifua kikuu umfikie anayesimama katika ukumbi wa wadi

Kwa Mhariri,

Nilihudhuria mkutano wa wananchi wa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti, katika ukumbi mmoja wa jamii huku Embakasi, nikiwa na swali moja tu: ni fedha kiasi gani zimetengewa vita dhidi ya kifua kikuu katika mwaka ujao wa fedha? Niliambiwa nina dakika mbili. Kitabu cha makadirio kilichokuwa mezani kilikuwa kinene na kimeandikwa kwa Kiingereza, na katika kurasa za afya nilizoweza kupekua kabla ya zamu yangu kufika sikuliona jina la ugonjwa huo hata mara moja, kwa kuwa fedha zake zilikuwa zimemezwa na fungu pana la magonjwa ya kuambukiza. Afisa aliyeongoza kikao alinijibu kwa adabu kwamba swali langu ni zuri na litaandikwa. Sikuwa na hoja ya kumrudishia. Mimi niliyewahi kuugua ugonjwa huo na kumeza dawa zake kwa miezi sita nilikuwa nimekwenda vitani mikono mitupu.

Ndiyo maana nawaandikia wasomaji wako, na hasa wale wanaohusika na programu za kudhibiti kifua kikuu, kuhusu wazo la kujenga mtandaoni mkoba wa nyenzo za utetezi, yaani mahali pamoja ambapo mtu anaweza kupata takwimu, barua za mfano, maelezo ya sheria na miongozo ya kuzungumza na viongozi. Wazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu ni kwamba mkoba huo ujengwe kwa ajili ya yule anayesimama katika ukumbi wa wadi ya uchaguzi, na asiachiwe masalio ya nyenzo zilizoandaliwa kwa ajili ya wanaosafiri kwenda kwenye makongamano.

Tumezoea kuchanganya uhamasishaji na utetezi. Bango lililobandikwa zahanati likituambia tufunike mdomo tunapokohoa, tufungue madirisha ya matatu na tukapime makohozi tukikohoa kwa wiki mbili linamhamasisha mgonjwa na jirani yake. Utetezi humwendea mwenye kalamu na fungu la fedha. Humuuliza mwakilishi wadi, yule anayetuwakilisha katika bunge la kaunti, kwa nini mashine ya kupima makohozi imekaa bila kazi kwa sababu vile vibweta vidogo vya plastiki, katriji kama wahudumu wanavyoviita, vimekwisha. Mabango tunayo mengi. Nyenzo za kumwuliza mwakilishi wadi swali hilo, kwa lugha tunayoielewa na kwa ushahidi asioweza kuupuuza, ndizo tulizokosa.

Ushahidi wenyewe upo. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kati ya kila watu wazima 100,000 nchini Kenya, 558 walikuwa na kifua kikuu, na kwamba karibu asilimia 40 ya wagonjwa walikuwa hawajagunduliwa. Watu hao ambao hawajagunduliwa wanaishi nasi ploti moja, wanapanda matatu zilezile na kupanga foleni kwenye mtungi uleule wa maji. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu mwaka 2023 na kwamba milioni 1.25 walifariki. Lakini mwakilishi wa wadi hatikiswi na milioni za dunia. Atatikisika akiambiwa ni wagonjwa wangapi walioandikishwa katika kaunti ndogo yake mwaka uliopita, wangapi walimaliza dawa, na kituo cha karibu chenye GeneXpert, ile mashine ya kupima makohozi, kiko umbali gani kutoka ofisini kwake. Takwimu za namna hiyo hukusanywa na vituo vyetu kila siku. Mkoba utakaoishia kwenye takwimu za nchi na za dunia utakuwa umetuacha mlangoni.

Kisha kuna kalenda ya bajeti, na hapa naomba niseme kwa kirefu, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopotea. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili, ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Mimi nilikwenda na swali langu mwezi wa Mei. Kufikia wakati huo viwango vya juu vya fedha za kila idara huwa vimekwisha kukadiriwa katika ile taarifa ya Februari, na anayeomba fedha mpya wakati wa makadirio lazima aonyeshe zitakatwa kutoka wapi. Laiti ningalikuwa na ukurasa mmoja wa Kiswahili unaonieleza hivyo, pamoja na barua ya mfano ninayoweza kujaza jina la wadi yangu, ningalianza safari yangu mwezi wa Agosti. Haya hayahitaji utaalamu wa ajabu. Yanahitaji mtu aliyewahi kukaa kwenye vikao hivyo akae na mwandishi mzuri kwa siku chache.

Tena haja hii imezidi. Tangu Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni, kila anayefuatilia jambo hili anajua kwamba huduma zilizoegemea fedha za wafadhili zinaweza kuyumba kwa usiku mmoja, na kwamba swali la fedha zetu wenyewe haliwezi kuahirishwa tena.

Katika mkoba huo ningependa pia uwemo uamuzi mmoja wa mahakama ambao kila mgonjwa anastahili kuujua. Mwaka 2010 wagonjwa wa kifua kikuu huko Kapsabet walipelekwa gerezani kwa amri ya mahakama kwa sababu walikuwa wameacha kutumia dawa. Walipelekwa katika gereza lenye msongamano, yaani mahali ambapo ugonjwa wa hewa husambaa kwa urahisi kuliko popote pengine. Tarehe 24 Machi 2016, ambayo ilikuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa ajili ya matibabu ni kinyume cha Katiba. Ninapowasimulia wagonjwa wenzangu habari hii, wengine hunyamaza kwa mshangao. Wapo waliokimbia kliniki kwa kuogopa kufungwa gerezani, wakati tishio hilo lilikwisha kuondolewa na mahakama. Uamuzi huo ni mrefu na umeandikwa kwa lugha ya mawakili, lakini kiini chake kinatosha katika ukurasa mmoja, sambamba na kifungu cha 43 cha Katiba kinachotupa haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 35 kinachotupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Lugha, Mhariri, ni jambo linaloniuma. Katiba yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Matibabu mafupi ya kifua kikuu, ambayo dunia nzima inayatumia, yalithibitishwa kwa sehemu kubwa kupitia majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika hospitali za Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza, katika enzi ambayo mgonjwa alitumia dawa kwa mwaka mmoja na nusu. Wagonjwa wa huku walijitolea ili dunia ipate tiba ya miezi sita, na bila shaka wengi wao walizungumza Kiswahili. Ni haki gani basi kwamba wajukuu wao wasome kuhusu ugonjwa huo kwa lugha ya kuazima?

Wala sitaki tafsiri ya neno kwa neno. Tumerithi maneno ya kituo cha polisi: anayesubiri majibu ya makohozi huitwa mshukiwa, na aliyekatiza dawa huitwa mtoro, kana kwamba ameruka ukuta wa shule. Shirika la Afya Duniani liliachana na istilahi za aina hiyo katika miongozo yake ya mwaka 2013. Nasi tuseme anayedhaniwa kuwa na ugonjwa na aliyekatiza matibabu, kisha tuulize ni nini kilichomkatiza: nauli, njaa, kazi ya kibarua isiyompa ruhusa ya kwenda kliniki, au maneno ya majirani. Dawa katika vituo vya umma ni za bure, lakini siku ya kibarua iliyopotea hairudi.

Kuhusu umbo la mkoba wenyewe, nitasema machache. Wengi wetu hununua bando za shilingi ishirini, kwa hiyo faili nzito zenye picha za kupendeza hazitafunguliwa. Kurasa ziwe nyepesi, ziweze kuhifadhiwa kwenye simu na kusomwa bila intaneti, na ziwepo sauti zilizorekodiwa kwa ajili ya wasiosoma kwa urahisi. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa rasmi mwaka 2023 walipewa simu za kazi, nao ni wajumbe wazuri wa kuufikisha mkoba huu nyumba kwa nyumba. Picha au kisa cha mgonjwa yeyote visiwekwe bila idhini yake ya maandishi, jinsi Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyotutaka tuheshimu habari za afya ya mtu, na awe na uwezo wa kuiondoa idhini hiyo. Mtaa una kumbukumbu ndefu.

Jambo ninaloliogopa zaidi ni tovuti iliyokufa. Nimefungua kurasa zilizojengwa kwa fedha za mradi, zikazinduliwa kwa ngoma na fulana, na miaka miwili baadaye namba za simu hazipokelewi na takwimu ni za zamani. Kwa hiyo kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa, ijulikane ni ofisi gani itakayoutunza mkoba huo mradi utakapokwisha, na kila ukurasa ubebe tarehe ulipohakikiwa mara ya mwisho. Kwa maoni yangu, kazi hiyo iwe na kamati ambamo waliopona kifua kikuu wana kura sawa na maafisa, kwa sababu sisi ndio tutakaotambua mapema kwamba barua fulani ya mfano haisomeki au kwamba kituo fulani kilihamia jengo jingine.

Mimi na wenzangu wachache tuliotibiwa katika kliniki moja tuko tayari kusoma rasimu za Kiswahili bila malipo, na kuzijaribu katika mikutano ya wadi kuanzia ule wa mpango wa maendeleo wa mwaka.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kayole, Nairobi