Shemeji, kabla hujaiuza brekidauni

Shemeji yangu,

Tangu arobaini ya mzee hatujasalimiana, na dada yangu amebaki katikati kubeba maneno ya huku na huku. Ndiye aliyeniambia unataka kuiuza brekidauni, lile gari lako la kuvuta magari yaliyokwama, uombe kazi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Simu zangu hupokei, basi soma hapa, hata kama na wengine watasoma.

Kwanza nikupe haki yako. Mengi yanayowasumbua vijana wanaoanza uokoaji, wewe unayo mkononi. Unajua kwamba ukifunga kapi kwenye mzigo na kuurudisha waya kwenye gari lako, nguvu ya winchi inakaribia maradufu, na ndoano ya lile kapi ndiyo inayobeba huo uzito wote. Unajua minyororo miwili ikitanuka hadi nyuzi 120, kila mmoja unabeba mzigo mzima kana kwamba mwenzake hayupo. Hukosi kutupia turubai zito katikati ya waya ili ukikatika usichape watu. Na usiku wa mvua, malori yanashuka mlima, wewe hubabaiki. Yote hayo yanahitajika huko unakotaka kwenda.

Ila mkono wako umezoea kuvuta, na uokoaji unaanza kwa kulifanya gari lisisogee hata kidogo. Hapo ndipo ninapokuogopea.

Ile ajali ya lori la Fuso pale Vigwaza haijanitoka. Video ilizunguka kwenye simu za watu, na wewe unajua nimeiona. Ndoano umeitia kwenye nguzo ya mlango wa kushoto. Utingo kabanwa mapaja na dashibodi, anaongea, kashika stendi ya kioo cha pembeni. Watu wanapiga kelele, vuta, vuta. Mzee mmoja wa kanzu anasema subirini, zimamoto wameshapigiwa. Waya unakaza, kabini inasogea kama upana wa kiganja, na ule mkono unaachia kioo. Baadaye ukasema alikuwa wa kufa tu. Kwa nini ulisema vile, shemeji? Kijana alikuwa anaongea!

Chuma kinachombana mtu mara nyingi ndicho kinachoziba mshipa uliopasuka. Ukikiondoa kabla hujajiandaa, damu inatoka yote kwa dakika chache. Na aliyebanwa muda mrefu, saa moja na zaidi, ana hatari nyingine: misuli iliyopondwa hujaa sumu, na mguu ukiachiwa ghafla sumu hiyo inaingia kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana mtu wa tiba humfikia majeruhi kwanza, akamtundikia dripu, na mkanda wa kubana damu ukae tayari sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, saa iandikwe. Kuvuta kunafuata baadaye, polepole, kwa amri ya mtu mmoja.

Kabla ya hayo kuna gari lenyewe. Zima swichi, weka breki ya mkono, kabari kwenye matairi. Betri unaanza kufungua hasi, maana ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche inaruka. Betri ikishatoka, eabegi, ule mfuko wa hewa wa kumkinga mtu, bado inaweza kufyatuka kwa umeme uliobaki, wakati mwingine kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo kichwa chako na vifaa vyako vikae mbali: sentimita 12 kutoka zile za pembeni, 25 kutoka usukani, 50 kutoka ile ya abiria wa mbele. Gari likilala ubavu, huliinui kwa jeki tupu. Panga mbao za inchi nne kwa nne, mbilimbili kwa kupishana, na kila jeki inapopanda kidogo kipande cha mbao kinafuata chini ya gari. Kimo cha rundo kisizidi mara tatu ya upana wa kitako chake. Jeki huteleza, waya hukatika, lakini mbao zilizopangwa vizuri zinabaki pale pale.

La lori la mafuta ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu hapo brekidauni hukimbilia kufika wa kwanza ili iwahi kazi. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019, unaikumbuka: lori lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, waliokufa wakapita 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kujaa mtaroni. Starta yako, ekzosi yako, mnyororo wako unaokwaruza lami, kimoja tu kinatosha kuuwasha. Simama mbali, upande upepo unakotoka, juu ya mteremko, piga 114 ya zimamoto na uzuie watu. Povu linatandazwa kwanza, mafuta yanahamishiwa tangi jingine likiwa limeunganishwa waya wa ardhi, ndipo uite winchi. Tangi lililojaa ukilinyanyua kwa minyororo linaweza kupasuka kwenye maungio.

Sasa hiyo kazi. Nafasi hutolewa kwa tangazo, na umri ndio unaokata wengi, basi anza kusoma hapo kabla ya kitu kingine. Andaa kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, majina yote yafanane herufi kwa herufi. Leseni daraja E bila cheti cha udereva cha VETA au cha NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, haikufikishi mbali. Umri ukikukatalia, halmashauri huajiri madereva, na wanaoendesha ambulensi ni miongoni mwao. Uliza pia kuhusu m-mama, wale wa namba 115: wanaingia mkataba na madereva wa jamii wenye magari, kuwapeleka hospitali wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, kwa malipo ya kila safari. Na hata kabla ya hapo, nenda Msalaba Mwekundu ukasomee huduma ya kwanza.

Uliposema siku ya arobaini, mbele ya wazee, kwamba ninakubania nafasi, ulinivunjia heshima kwa jambo nisilo na uwezo nalo. Mimi sina mlango wa kumwingiza mtu kazini, na anayekuambia anao, akaomba hela, ni tapeli. Barua ya kukusifia sikuiandika kwa sababu ya Vigwaza. Nisingeweza kuandika kwamba wewe ni mtu wa kusikia amri wakati nilikuona ukimpita yule mzee wa kanzu. Dada yangu anaona nina roho ngumu. Na iwe hivyo, maana ningekuwa nimesaini juu ya uhai wa watu wengine.

Kasome huduma ya kwanza, urudi na cheti, nitaiandika kwa mkono wangu. Gari usiliuze mpaka majina yatoke, watoto wanakula kwalo. Na lile neno la arobaini ulifute mbele ya wazee wale wale.