Zuhura, grafu yako imeona mwanga, haijaona samaki

Kigamboni, Dar es Salaam

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi. Huku sote hatujambo, mama anakusalimia na anauliza lini unavuka kuja.

Grafu uliyonitumia, ya mashine unayoifundisha kutambua aina za samaki kwa picha, nimeikalia usiku kucha. Changu, tasi na vibua wamechanganyika, ilhali nukta, kila moja picha moja, zimejigawa makundi mawili yaliyo wazi kabisa. Nikafungua picha zenyewe: kundi moja ni samaki uliowapiga nje juani pale soko la samaki la Feri, jingine ni wa ndani, mezani chini ya paa. PCA, njia ya kubana namba nyingi za picha ziwe chache, imefanya kazi yake. Tangu Karl Pearson alipoiandika mwaka 1901, hutafuta upande ambao data imetawanyika zaidi. Haiulizi huyu ni changu au tasi. Na katika picha zako hakuna kinachotofautiana kama mwanga.

Tafadhali usiongeze pikseli, vile vidoa vinavyounda picha. Picha isiyo na rangi ya pikseli 64 kwa 64 ina namba 4096, nawe una picha 300 tu. Vipimo vikizidi mifano kiasi hicho, mashine itatenganisha chochote, hata ukiyavuruga majina ya samaki makusudi, halafu samaki wa kesho aishinde.

Jaribu LDA, njia ya kutenganisha makundi, iliyotokana na kazi ya Ronald Fisher ya mwaka 1936 juu ya maua ya airisi. Hii hutazama majina: inataka wastani wa changu uwe mbali na wa tasi, na changu wenyewe wabaki karibu karibu. Kwa aina tatu utapata mihimili miwili, inatosha. Ila ukiipeleka moja kwa moja kwenye pikseli 4096 hesabu itagoma, kwa sababu matriksi (jedwali la namba) ya mtawanyiko wa ndani ya makundi haitakuwa na kinyume, nayo LDA inakihitaji. Tangulia na PCA, ushuke hadi vipimo visivyozidi idadi ya picha za kufunzia ukitoa tatu, yaani idadi ya aina (mimi ningeanza na 40), ndipo LDA. Belhumeur, Hespanha na Kriegman walipita njia hiyo mwaka 1997 kwenye picha za nyuso, nao pia walisumbuliwa na mwanga.

Kingine, nakusihi: tenga picha za majaribio kabla ya PCA, siyo baada. Na samaki mmoja uliyempiga mara tatu asikae pande zote mbili, maana mashine itamkumbuka yeye, siyo aina yake.

Ongeza pia kipimo kimoja cha mkono: urefu wa mwili ukigawanya kwa kimo chake. Kibua ni mwembamba, changu ana kimo. Hapo jua halina la kusema.

Nitumie faili Jumamosi, tuiendeshe pamoja.

Wako,
Mwanaidi