Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama chetu kimerekodi na kuchapisha mtandaoni mihadhara mingi ya chuo kuliko mwaka uliopita, na silo jambo ninalojivunia. Katikati ya muhula nilizisikiliza rekodi zetu kwa simu, kama anavyosikiliza mwanafunzi akiwa safarini. Picha ilikuwa safi. Sauti ya mhadhiri ilitoka kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Kisha mwanafunzi wa safu za nyuma akauliza swali ambalo sikulisikia kabisa, na mhadhiri akajibu: “Ndiyo, lakini si kila mara.” Ndiyo nini?

Kosa ni la kamati, na mimi ndiye wa kwanza. Tulihangaikia kamera, tukategemea maikrofoni iliyomo ndani yake, nayo imesimamishwa mwisho wa ukumbi. Picha hafifu mtu huivumilia, hasa akiwa na slaidi mkononi. Mwangwi humchosha upesi. Sasa tunatumia maikrofoni ya kubana kwenye kola, na tumewaomba wahadhiri warudie kila swali kabla ya kulijibu. Hilo la pili ni la bure, na ndilo linalosahaulika kila siku (mimi mwenyewe nimelisahau mara mbili).

Tumeanza pia kutoa sauti peke yake. Mhadhara wa saa moja kwa kilobiti 64 kwa sekunde hauzidi megabaiti 30. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hufika 450. Kwa anayehesabu bando, hapo ndipo anapoamua kupakua au kuachana nao.

Kuhusu manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye rekodi, najua wapo watakaoguna. Kumbukeni yaliyokikuta Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Agosti 2016 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikiandikia kwamba sehemu kubwa ya maudhui yake ya bure mtandaoni haiwafai watu wenye ulemavu. Video nyingi hazikuwa na manukuu ambayo kiziwi angeyategemea. Mwaka 2017 chuo kikaziondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000, zikabaki kwa wenye akaunti za chuo tu. Kazi ya miaka mingi, na aliyekuwa nje ya chuo akafungiwa mlango. Programu za kunukuu zinatusaidia, ila huteleza palepale tunapohitaji usahihi: majina, istilahi, kanuni za hesabu. Lazima mtu apitie, na mpitiaji hutumia muda mrefu kuliko mhadhara wenyewe.

Hakimiliki nitaigusa tu. Mchoro wa kitabuni unaoruhusiwa darasani huenda usiruhusiwe ukitangazwa kwa dunia nzima. Hata MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani kilichotangaza mwaka 2001 OpenCourseWare, mpango wake wa kuweka masomo bure mtandaoni, hulazimika kuomba ruhusa au kubadilisha michoro ya watu wengine kabla ya kuchapisha. Tumekuwa wazembe hapa.

Mhadhiri mmoja amekataa kurekodiwa. Sikumsukuma, na naomba asisukumwe na yeyote.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Akimaliza, nitaomba kura ya mikono juu ya pendekezo hili: kuanzia muhula ujao tusichapishe mhadhara ambao manukuu yake hayajapitiwa na mtu, hata kama tutachapisha nusu tu ya tulivyochapisha mwaka huu.