Barua ya wazi kwa Waziri wa Uhamiaji wa Kanada: msitutawanye familia moja moja

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya watu ninaowasemea, wakimbizi wa Kongo mnaowaleta Kanada, na wizara yako haikosi wakalimani.

Sensa ya Kanada ya 2021 ilihesabu watu wasiofika milioni 37 katika nchi ambayo Tanzania ingeenea ndani yake mara kumi na zaidi. Tanzania yenyewe, mwaka 2022, ilihesabu milioni 61.7. Ndiyo maana jamaa zetu walioko Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania, hutucheka tukilalamikia kodi ya nyumba: nchi yote hiyo, mnagombania vyumba? Hawajui kwamba watu wawili kati ya watatu wamejibana ndani ya kilomita 100 kutoka mpaka wa Marekani, kwenye asilimia 4 hivi ya ardhi. Nunavut, eneo la kaskazini, ina kilomita za mraba takriban milioni 2 na watu 36,858. Wengi wao ni Wainuit na pale ni kwao, kwa hiyo sisemi watu wakamwagwe huko.

Serikali inataka wageni wakae miji midogo. Naafiki. Mwaka 2023 uzazi ulikuwa chini ya watoto 1.3 kwa mwanamke, na karibu ongezeko lote la watu lilitoka nje. Kasoro ni namna mnavyotupanga.

Familia ya Fizi, mashariki mwa Kongo, inashushwa katika mji ambao hakuna mwingine anayesema Kiswahili. Mama akienda kliniki, mkalimani ni mwanawe wa darasa la tano, anayelazimika kutafsiri hata yale ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kuhusu mamaye. Msiba ukitokea nyumbani, hana wa kukaa naye matanga. Baba amepata zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, lakini gari hana, na basi la kumpeleka halipo. Jimbo la Saskatchewan lilifunga shirika lake la mabasi mwaka 2017, na mwaka uliofuata kampuni kubwa ya binafsi ikaondoa karibu mabasi yake yote magharibi mwa Kanada. Msaada wa serikali wa mwaka wa kwanza ukikatika, wanafungasha kwenda Edmonton, jiji kubwa la Alberta. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Haki, ulio ndani ya katiba ya Kanada, kinawaruhusu kuhama. Wala hawakimbii baridi. Edmonton nako kunaganda.

Jaribio la uhamiaji vijijini mlilozindua 2025, kwa miji na maeneo 14, linamtaka mwombaji awe na ahadi ya kazi. Mtu wa Nyarugusu atamjulia wapi mwajiri wa Kanada?

Ninachoomba si fedha mpya nyingi. Chagueni miji michache iliyo tayari, kisha pelekeni kila mmoja familia kumi au kumi na tano zinazofahamiana, ndani ya mwaka huohuo. Hapo watapeana lifti ya kwenda kazini, watalea watoto kwa zamu, kwaya itaanza, na mmoja wao atalipwa kuwa mkalimani wa kliniki.

Ripoti yako ya mwaka hufika Bungeni karibu na Novemba 1, ikitaja idadi ya watakaoingia. Safari hii itaje pia, mji kwa mji, ni wakimbizi wangapi bado wako pale mlipowapeleka miaka mitatu iliyopita.

Wako,
Mkalimani wa kujitolea, Manitoba