Taarifa ya Mwenyekiti wa Tawi la Simba SC, Morogoro, kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Jumapili 31 Agosti 2025

Ndugu Katibu, Ndugu Mhazini, wazee wetu, akina mama, vijana wa hamasa, Wanasimba wenzangu wa Morogoro. Nguvu Moja!

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kukutana. Nawashukuru pia ninyi 38 mliofika kwa wakati. Tangazo la mkutano liliwekwa kwenye kundi la WhatsApp wiki mbili zilizopita na likasomwa na watu 121. Alama za bluu naziona. Katiba yetu inataka theluthi ya wanachama 143, yaani watu 48, kwa hiyo tumekaa hapa tangu saa tatu hadi saa sita kasoro tukitafuta watu kumi, na wawili kati ya hao kumi walikuwa wamekuja kuchaji simu. Nawakaribisha nao, wahesabiwe.

Mtakumbuka mkutano wa mwaka jana ulivunjika kwa kukosa akidi. Ndiyo maana taarifa hii imebeba mambo ya tangu Mei 2024.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Simba Day ya Agosti 2024 tulikwenda, basi lilijaa. Misiba tulihudhuria, harusi mbili tulichangia, usafi wa soko tulifanya mara moja. Tarehe 8 Machi tulikodi basi la kwenda kwenye mechi ya watani wetu Yanga, mechi ikaahirishwa sisi tukiwa Mlandizi, na mwenye basi hakurudisha hata shilingi. Ilipokuja kuchezwa tarehe 25 Juni tulifungwa 2-0, hilo halihitaji maelezo. Usiku wa mechi ya Al Masry ya Misri, tarehe 9 Aprili, tulitazama hapa tawini kwenye runinga ile niliyoitafuta mimi mwenyewe kwa bei ya kutupa, na penalti zilipoisha mabenchi matatu yalivunjika. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane, ilipohamishiwa Zanzibar, wanachama 19 walivuka bahari. Tulitoka 1-1 baada ya kufungwa 2-0 kule Morocco. Safari zote, chakula, tiketi, mabenchi na mengineyo ni Sh 4,870,000.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu.

Nimeitwa msaliti. Nimeitwa Utopolo, jina la kejeli la Yanga. Mwanangu wa darasa la tano ameulizwa shuleni kama ni kweli baba yake ndiye aliyempeleka kiungo wetu Clatous Chama Jangwani, kwa Yanga. Nimenyamaza mwaka mzima kwa kuheshimu vikao, na vikao havikukaa. Leo nasema.

Mei 2024 kamati tendaji ilikutana. Wajumbe ni tisa, tulifika watano. Hoja ilikuwa moja: mkataba wa Chama unaelekea ukingoni, je, tawi liseme nini? Wakati huo huo huku mtaani vijana walishaanzisha mchango wa “Mwamba Abaki”, Mwamba ndiye Chama, wakitaka tupeleke ujumbe makao makuu ya klabu Msimbazi na bahasha mkononi. Kamati ikaamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kuandika barua. Barua niliiandika mimi, usiku, kwa mkono wangu, ukurasa mmoja. Haikusema “aondoke” kama inavyosambazwa. Ilisema apewe mkataba wa mwaka mmoja kwa dau linalobebeka, na asiporidhika aagwe kwa heshima, fedha itafute kijana.

Mimi Chama simjui kwa kusimuliwa. Desemba 2018 nilikuwa uwanjani siku ya mechi ya Nkana ya Zambia, ubao unasoma 2-1 na matokeo hayo yalikuwa hayatoshi kutuvusha, watu wameshaanza kushuka ngazi, yeye akaugeuza mpira kwa kisigino ukaingia wavuni. Mzee mmoja jirani yangu alinikumbatia, hatukuwa tumesalimiana tangu mechi ianze. Machi 2019 akawamaliza AS Vita dakika za mwisho. Machi 2023 tulipowapiga Horoya 7-0, matatu yalikuwa yake, na wiki ile ile vijana wakamchora kwenye ukuta huu wa mbele, jezi nyekundu, namba 17. Rangi ya kuchorea, Sh 40,000, ilitoka mfukoni mwangu na risiti ninayo. Anayesema sikumpenda Mwamba wa Lusaka ananionea.

Lakini mapenzi ni kitu kimoja na mkataba ni kitu kingine. Tangu ile hukumu ya Bosman, Mbelgiji, Desemba 1995, mchezaji aliyemaliza mkataba ni mtu huru. Kanuni za FIFA zinamruhusu hata kabla hajamaliza: akibakiza miezi 6, anaweza kusaini na klabu nyingine, ilimradi klabu hiyo imeijulisha ya kwake kwa maandishi. Kwa maana hiyo mkataba unaoisha Juni, kufika Januari mlango uko wazi. Ukianza kumbembeleza Mei, unambembeleza mtu ambaye begi lake liko sebuleni. Mwezi Juni ule ule Paris Saint-Germain, wenye fedha ya kuinunua Morogoro yote na milima yake, walimkosa Mbappé akaenda Real Madrid bila wao kulipwa ada ya uhamisho. Sisi na bahasha yetu tungefanya nini?

Wakati wa kumuuza mtu ni mkataba ukiwa bado una nyama. Mwaka 2021 klabu ilimuuza huyo huyo Chama kwa RS Berkane, na Luis Miquissone kwa Al Ahly, fedha ikaingia, na Januari 2022 Chama akarudi nyumbani. Hapo hakuna aliyeniita msaliti. Mwaka 2024 fedha ya kumuuza haikuwepo tena mezani. Kilichokuwepo ni fedha ya kumlipa, naye Juni ile alitimiza miaka 33.

Najua hoja ya Ndugu Katibu Msaidizi, ameirudia kwenye kundi mpaka watu wameikariri: mbona watani walimbakiza kiungo wao Aziz Ki? Ni kweli. Aziz Ki alimaliza msimu wa 2023/24 na mabao 21, mkataba wake unaisha, wakapambana akamwaga wino upya. Lakini hesabuni umri. Yule alikuwa na miaka 28. Mwaka uliofuata wakamuuza Wydad ya Casablanca. Walimbakiza ili wamuuze. Mchezaji wa miaka 33 ukimbakiza, umembakiza ucheze naye tu, na siku ya mwisho unampa mkono. Hiyo ndiyo hesabu niliyoiandika kwenye barua, na naisimamia.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024, nilikuwa nimekaa hapo mlangoni, chai ya tangawizi mkononi, chapati haijakatwa. Simu zikaanza kulia zote kwa pamoja kama kengele ya moto. Picha ni ile mliyoiona: Mwamba ndani ya kijani na njano. Sikusema neno. Kabla ya saa nne vijana walishaleta ndoo ya chokaa na kuupaka ukuta, bila kibali cha kamati. Walipaka mkono mmoja tu, kwa hasira, na kila mvua ikinyesha namba 17 inarudi kuchungulia.

Sikutegemea angekwenda kwa watani, nakiri. Kwenye barua niliandika “aagwe kwa heshima”, sikuandika avushwe Kariakoo. Lakini ndugu zangu, mtu huru ni huru, hachaguliwi mtaa wa kuhamia. Na matokeo yamesema. Aliyekuja kwenye nafasi ya kutengeneza mabao, Jean Charles Ahoua, kijana kutoka Ivory Coast, alimaliza msimu wake wa kwanza akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Sisemi ni kwa sababu ya barua yetu. Nasema tu barua ilisema “fedha itafute kijana”, na kijana akapatikana. Waliomchukua Chama walikaa naye msimu mmoja, na mwaka 2025 akahamia Singida Black Stars.

Mtaniambia ubingwa walichukua wao, na msimu huo walitufunga Agosti, wakatufunga Oktoba, wakatufunga Juni. Nimewasikia. Lakini fainali ya Afrika tulicheza sisi.

Kuhusu fedha za “Mwamba Abaki”. Ahadi zilikuwa zaidi ya milioni mbili. Fedha taslimu iliyomfikia Mhazini ni Sh 684,000. Maneno yamekuwa mengi kwamba mwenyekiti amekula hela ya Chama. Ukweli ni kwamba mwenye nyumba alikuwa anatudai kodi ya miezi minne na alishaleta kufuli, kufuli jipya, bado liko kwenye karatasi yake, akaliweka mezani mbele yangu bila kunisalimia. Nililipa Sh 480,000. Kama nisingelipa, leo mngekuwa mnanishutumu mkiwa mmesimama juani. Baki ya Sh 204,000 iliunganishwa na matumizi ya jumla. Ndiyo, nilipaswa kuwauliza waliochanga. Niliitisha kikao cha dharura tarehe 23 Juni 2024, tukaja wanne.

Sasa limekuja la mwaka huu, na najua kuna watu wamekaa nyuma pale wakisubiri nilifikie. Mohamed Hussein Tshabalala. Nahodha. Beki wa kushoto tangu 2014, miaka 11, jezi moja. Mkataba umeisha, ameaga, na mwezi huu tumemwona na yeye upande wa pili. Safari hii mwenyekiti hakuandika barua yoyote, kwa hiyo lile la kusema barua zangu ndizo zinazofukuza wachezaji naomba life leo.

Hata hivyo niseme wazi, ingawa halinisaidii. Tshabalala mkataba umemwishia akiwa na miaka 28. Ni umri ule ule aliokuwa nao Aziz Ki watani walipombakiza. Kwa hesabu yangu mwenyewe huyu alikuwa wa kuongezewa mkataba mapema, mwaka mzima kabla, siyo kusubiri Juni. Kilichozungumzwa kati yake na klabu wanakijua wao, na mimi siwezi kumnyooshea mtu kidole kutoka Morogoro. Ninachojua ni cha kwetu. Novemba mwaka jana niliweka hoja hii kwenye ajenda: “Mikataba inayoisha Juni 2025, maoni ya tawi”. Kikao kikaahirishwa. Januari kikaahirishwa tena. Machi tulikuja watatu, tukanywa soda tukaondoka. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo, na la tawi hili juu ya nahodha wake halikuwepo. Kama ingesaidia, sijui. Mama mmoja wa hapa sokoni ananiuliza kila siku nikipita: “Mwenyekiti, na huyu umemwandikia?” Hilo linaniuma kuliko kuitwa Utopolo.

Nije kwenye ada. Ada ni Sh 2,000 kwa mwezi, bei ya chipsi kavu. Waliolipa mwaka mzima ni 31 kati ya 143. Tunadai zaidi ya milioni mbili na nusu kwa mwaka huu pekee, ukiacha ya nyuma. Wapo wanaotaka kuamua klabu imlipe mchezaji mamilioni mangapi, na wao tangu Ramadhani ya mwaka juzi hawajalipa elfu mbili. Sitataja majina kwa sababu ya undugu, ila orodha imebandikwa nyuma ya mlango wa choo, ambako kila mtu ataiona. Mapato yote ya mwaka pamoja na michango ni Sh 5,610,000. Matumizi yote, zikiwemo safari nilizotaja, kodi, umeme na king'amuzi, ni Sh 6,935,000. Pengo nimelifidia mimi kwa muda, na Mhazini anajua.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata kiwanja chetu, kuanzisha timu ya watoto na kununua runinga kubwa zaidi. Kamati itaangalia pia uwezekano wa mradi wa bodaboda. Kwa Simba Day mwezi ujao tutajitahidi kupata basi, na safari hii tutalipa tukishafika. Ukuta wa mbele utapakwa upya mikono miwili, na napendekeza tuchore simba. Simba hana mkataba.

Naombeni taarifa hii ijadiliwe kwa utulivu. Nakala ya barua ya Mei 2024 iko kwa Katibu. Anayetaka kuisoma aje na risiti ya ada.

Nguvu Moja!

Mwenyekiti wa Tawi