Kwa nini harufu ya mkojo wa paka hurudi msimu wa mvua

Mvua za Aprili zikishakolea hapa Kampala, malalamiko tunayopokea sisi waosha mazulia ni yaleyale: zulia lilioshwa wakati wa jua, likakauka, likanukia vizuri, na sasa sebule nzima inanuka paka. Mara nyingi hakuna aliyekojoa upya. Ni mkojo wa zamani umepata unyevu.

Yurea iliyomo kwenye mkojo huoza ikawa amonia, ile harufu inayochoma pua. Hiyo huisha. Kinachobaki ni asidi ya yuriki, fuwele ndogo zinazong'ang'ania nyuzi na ambazo maji na sabuni haviziyeyushi. Shampuu inaondoa rangi ya doa na kuziacha fuwele palepale, hewa ikiwa na unyevu zinanuka tena. Mkojo wa paka ni mzito kuliko wa mbwa, na wa dume asiyehasiwa ndio mkaidi kuliko yote.

Funua kona ya zulia utazame mgongoni. Doa lililo kama kisahani juu, chini huwa limefika ukubwa wa sahani ya wali, na kwenye sponji iliyotandikwa chini ya zulia limetambaa zaidi. Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapokwama: dawa inapuliziwa juu juu wakati mkojo uko chini.

Doa bichi halina shida kubwa. Weka taulo lililokunjwa, likanyage kwa uzito wako wote, badilisha mpaka litoke kavu. Usisugue. Mimina kikombe cha maji baridi, kausha tena vilevile.

Doa la zamani linataka dawa yenye vimeng'enya (enzaimu), kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyovunja asidi ya yuriki. Soma lebo kabla ya kulipa; nyingi zinazouzwa kwa jina la kuondoa harufu ni manukato tu. Kwa doa la ukubwa wa sahani tumia kama nusu lita, uvuke ukingo wa doa kwa upana wa kiganja, mpaka dawa ifike kwenye sponji. Kisha funika kwa kaveera (mfuko wa plastiki) kwa muda wa saa 12 hadi 24. Vimeng'enya hufanya kazi vikiwa majimaji tu. Dawa ikikauka baada ya nusu saa, umepoteza pesa. Baadaye nyonya maji kwa mashine au taulo, inua zulia juu ya viti, washa feni. Lisipokauka vizuri, ukungu utaanza na utakuwa na harufu mbili.

Siki nusu kwa nusu na maji inasaidia kupunguza amonia, ila usiichanganye na magadi ya kuokea, vinauana nguvu. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka famasi inang'arisha doa la njano, lakini ijaribu kwanza kwenye kona iliyofichika, na kwenye zulia la sufi usiiguse kabisa.

Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, tafadhali, hapana. Klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayoumiza mapafu, na chumba chenye mtoto au mgonjwa wa pumu si mahali pa kujaribu. Mvuke wa moto nao unaligandisha doa kwenye nyuzi.

Sponji iliyoloa mara nyingi haioshwi ikapona. Tunaikata kipande hicho na kuweka kingine, tunaosha saruji ya chini kwa dawa ileile, na ikishakauka tunaipaka rangi ya kuziba vitundu. Gundi ya mgongo wa zulia ikiwa imeshaachia, tutakwambia ukweli kwamba zulia hilo halifai kulipiwa.

Ukituita, tueleze kila ulichokwisha kumwaga hapo, hata sabuni ya unga, maana mabaki yake yanaua vimeng'enya na itabidi tuyasuuze kwanza. Paka akianza ghafla kukojoa nje ya sanduku lake la haja, au akichuchumaa muda mrefu mkojo usitoke, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Dume aliyezibwa mkojo anaweza kufa ndani ya siku chache, na zulia linaweza kusubiri.